Mrefu wa Chombo

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshatupa vipande kumi na kimoja vya turubai sakafuni, na saa nne ya asubuhi ilikuwa haijatimia.

"Hii ya kijivu ni mawingu matupu. Hii ya kahawia ni gunia. Na hii ya kijani," akakishika kipande kwa ncha za vidole kama amekiokota jalalani, "hii ni ya wodini. Nyie mnaoana au mnalazwa?"

Mlingoti aliinama, akaviokota vipande vyake kimoja kimoja, akavirudisha kwenye meza ya kukatia. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la rangi za boti, yenye vyerehani viwili vizito, kabati la nyuzi, na dirisha moja pana lililotazama gati. Miaka tisa alikuwa akishona humo vivuli vya boti, yale mapaa ya turubai, na mapazia ya mikahawa, na katika miaka hiyo alishavumilia wateja wa kila sampuli. Ila huyu wa leo hakuwa mteja. Huyu alikuwa mama yake Nahodha, na Nahodha ndiye aliyebakiza wiki tatu amwoe.

Jina alilopewa na wazazi wake, watu wa gatini walikuwa wameshalisahau. Walimwita Mlingoti kwa sababu alikuwa na sentimita mia moja themanini na tatu bila viatu, na mtu ukiwa na kimo hicho huulizwi jina, unapewa. Nahodha naye hakuwa nahodha wa kitu chochote. Alikuwa fundi umeme aliyeachiwa mashua ya tanga na marehemu baba yake. Kila akitoka kazini alikuwa akienda kuikwangua, kuiziba na kuipaka rangi, mpaka miaka miwili ikapita. Ndiyo ingekuwa nyumba yao ya kwanza. Wangefunga ndoa, wangehamia humo, wangekwenda bandari hadi bandari mwaka mzima, yeye akitengeneza umeme wa boti za watu na mke akishona. Kilichobaki kilikuwa kivuli cha kule nyuma penye usukani na viti, mahali ambapo wangekula, wangefanya kazi na kuzungumza mchana kutwa.

"Nyeupe," mama alitoa hukumu. "Nyeupe yenye utepe mwekundu pembeni. Mtu akiiona kutoka mbali ajue pale kuna bwana na bibi."

"Nyeupe inampendeza aliye nje, mama. Aliye chini yake inamchoma macho. Jua linapita juu, linagonga maji, linarudi kwa chini. Ikifika saa tisa kichwa kinapasuka."

"Na buluu?" Nahodha aliuliza. Alikuwa amesimama dirishani, mikono mifukoni. "Buluu iliyoiva."

"Buluu inakula joto. Halafu kaa hapa nikuonyeshe." Mlingoti alimvuta kwenye mwanga, akamtandia kitambaa cha buluu juu ya kichwa kama paa. Uso wa mchumba wake uligeuka wa mtu aliyemaliza wiki ana homa. "Umeona? Rangi ya kivuli haichaguliwi kwa kuitazama. Inachaguliwa kwa kukaa chini yake. Mimi nasema ile ya mchanga."

"Wewe kazi yako ni kushona," mama alisema, kwa upole ule unaokwaruza. "Kuchagua tutachagua sisi wenye chombo."

Sisi wenye chombo. Mlingoti alimwangalia Nahodha, akangoja. Neno moja tu lingetosha. Angeweza kusema hata "mama jamani" kwa kucheka. Lakini Nahodha alikuwa amesharudi dirishani, anatazama nje kama aliyeitwa huko kwa jambo la dharura. Wanaume na madirisha, Mungu ndiye anayejua walichoandikiana.

"Twendeni kwenye mashua," Mlingoti alisema, sauti ikiwa imeanza kukauka. "Nitavitundika vitambaa kwenye fremu yenyewe, kila mtu akae chini, tuamue."

Fremu ya mabomba ya kushikilia kivuli alikuwa hajaiona. Iliundwa na Mzee Cheche, mchomeleaji wa pale gatini, katika siku kumi alizokuwa mbali akifunga mapazia ya hoteli. Kabla ya kuondoka alimwachia Nahodha kadi ya kazi aijaze, kama anavyoijaza mteja yeyote, na asubuhi hiyo Nahodha alikuwa ameirudisha. Mlingoti aliitia mfukoni mwa aproni bila kuisoma. Ya nini kuisoma? Ilikuwa kadi ya nyumba yake mwenyewe.

*

Kuna mahali pachache duniani ambapo Mlingoti alitembea bila kuangalia juu. Milango ya watu aliijua, feni za watu alizijua, matawi na vibao vya maduka vyote alivikariri tangu ana miaka kumi na mitatu. Ila kwenye mashua ile hakuwahi kujihadhari, kwa sababu juu yake palikuwa na mbingu tu. Kwa hiyo alirukia ndani na marobota matatu ya turubai begani, kichwa juu, akaelekea penye usukani.

"Inama," Nahodha alisema nyuma yake.

Bomba lilimpata kwenye paji la uso. Liligonga kwa mlio wa sufuria, akaona nyota, marobota yakamponyoka, moja likabingirika mpaka miguuni kwa mama. Akashika kiti. Machozi yalimjaa, yale ya maumivu yanayokuja bila kukuomba ruhusa.

"Pole, pole, ngoja nikuone."

"Usinishike." Alikuwa amefumba jicho moja. Lile lililokuwa wazi lilimkazia. "Umesema inama."

"Nilitaka kukutahadharisha."

"Umesema kabla sijagonga. Ulijua nitagonga."

Mlingoti aliingiza mkono mfukoni, akaitoa kadi, akaisoma palepale damu ikimpiga kichwani. Jina la chombo, sawa. Urefu wa viti, sawa. Upana, sawa. Mstari wa nne akausoma mara mbili.

Kwa wasioijua kazi hii, mstari wa nne ndio roho ya kivuli. Umeandikwa: mrefu wa chombo. Maana yake ni mtu mrefu kuliko wote watakaoishi au kusafiri humo. Huyo ndiye hupimwa, amevaa viatu, unaongeza vidole vinne, na hapo ndipo fremu inapokaa. Hata kama mrefu huyo ni mpishi, hata kama ni mgeni wa mara mbili kwa mwaka, chombo kizima kinapimwa kwa kichwa chake. Mlingoti mwenyewe ndiye aliyemfundisha Nahodha kanuni hii, jioni moja wakila karanga ukingoni mwa gati.

Na Nahodha, kwa mkono wake, kwa ile saba yake yenye mkia, alikuwa ameandika: sentimita mia moja sabini na moja.

"Nani huyu?" Mlingoti aliuliza.

"Nani yupi?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Mia sabini na moja ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye mrefu wa chombo hiki?"

"Sikiliza kwanza. Boriti ya tanga iko chini. Fremu ikipanda zaidi ya hapo, tanga likigeuka boriti itaigonga. Sikuwa na namna."

"Boriti inapandishwa. Unalikata tanga kwa chini sentimita kumi na tano, unainua boriti, kazi ya siku moja. Nani anayekata matanga hapa gatini?"

Nahodha aliokota kamba, akaanza kuikunja.

"Nakuuliza, nani anayekata matanga hapa gatini?"

"Wewe."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu aliniuliza mimi," mama alisema. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha usukani, mkoba mapajani, amenyooka vizuri chini ya bomba lililompita kichwa kwa raha zake. "Nilikuwepo siku anapimwa. Chombo ni cha mwanangu, kimepimwa kwa mwanangu. Ulitaka kipimwe kwa nani, jirani? Mwanamke akiingia kwa mumewe huinama kidogo, mkwe. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwa sababu ya kuinama."

Mlingoti hakugombana na mama. Hasira zake zilimpita yule mama kama hayupo, zikaenda moja kwa moja kwa mwenye saba yenye mkia.

"Na wewe unasemaje?"

"Ni pale unaposimama tu," Nahodha alisema, macho kwenye kamba. "Ukikaa hata huioni."

"Nikikaa."

"Utazoea."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. "Nitazoea," Mlingoti alirudia polepole. "Siku ya picha ya uchumba mama alisema mimi nikae kwenye kiti na wewe usimame. Ukanyamaza. Nikajiambia, ni picha tu. Viatu vyangu vya harusi vikarudishwa dukani, vikaletwa vya bapa. Ukanyamaza. Nikajiambia, ni viatu tu. Hii ni nyumba yangu. Nitapika humu, nitashona humu, nikipata mtoto nitambembeleza humu. Nitambembeleza nimepinda?"

"Unayakuza mambo."

"Niambie ukweli. Siyo boriti. Niambie ukweli wako."

Nahodha alivuta pumzi, na kile alichokificha kikatoka chote kwa mkupuo, kama mfereji uliozibuliwa. "Unataka ukweli? Nimechoka kuchekwa. Wiki iliyopita Mzee Cheche aliniuliza mbele za watu kama nikitaka kukubusu huwa napanga makreti mangapi. Gati zima likacheka. Hata yule mwuza barafu, ambaye hajawahi kucheka tangu nimjue. Nikafikiria fremu ikipanda vile, kila anayepita atauliza, kivuli kirefu namna hii cha nani? Nikaona..." Akameza mate. "Nikaona bora wasiulize."

"Ulicheka?"

"Nini?"

"Walipocheka, wewe ulicheka pamoja nao?"

Nahodha alijifuta midomo kwa kiganja, kana kwamba kicheko kile bado kilikuwa hapo.

Sasa msomaji, ungekuwa wewe ungelia, maana alichokuwa nacho Mlingoti kifuani kilikuwa kitu cha kulilia. Mtu huyuhuyu, miaka miwili nyuma, alikuja karakanani kufunga taa, akakuta hana ngazi, akaenda kuazima. Aliporudi anahema, ngazi begani, alimkuta Mlingoti ameshaifunga taa mwenyewe kwa kunyoosha mkono tu. Mwanaume alicheka mpaka akakaa juu ya ngazi, kisha akasema hajawahi kuona kiumbe kizuri kama mtu asiyehitaji ngazi. Tangu siku ile Mlingoti aliacha kukunja magoti kwenye picha. Aliacha kujibanza nyuma ya watu. Alijiachia wima, kwa ajili ya huyu. Na huyu ndiye aliyekwenda kumkatia kipande cha juu, akakipa jina la boriti.

Lakini hakulia. Hasira ilikuwa imechukua nafasi yote, machozi yasingepata pa kupita.

"Mimi nachekwa tangu nina miaka kumi na mitatu," alisema. "Wewe umechekwa siku moja ukaniuza."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Mpenzi mwambie huyo wa mia sabini na moja." Alikuwa ameshaanza kukusanya marobota. "Kivuli sishoni. Tafuta fundi mwingine, mafundi wapo. Na harusi siitaki. Tafuta na mke mwingine, mfupi, apite chini ya bomba lako na mshukuru Mungu nyote watatu."

"Binti, hasira hasara," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Naibeba hiyo hasara mwenyewe."

Akageuka aondoke. Ila njia ya kutokea ilikuwa palepale pa kuingilia, na bomba lilikuwa palepale, na mikono ilikuwa imejaa. Ilimbidi ainame ili atoke, huku wote wawili wakimwangalia. Hilo lilimuuma kuliko kichwa.

*

Siku tatu simu ililia ikachoka. Mlingoti aliweka uvimbe wake barafu, akatundika turubai moja kubwa la rangi ya mchanga katikati ya chumba, kazi ya mteja mwingine, akaanza kulipaka dawa ya kuzuia maji. Lilikigawa chumba nusu kwa nusu kama pazia. Alipaka kwa nguvu, kama aliyetumwa kulichuna.

Siku ya tatu mchana alisikia ngazi zikilia kwa hatua za mtu mzima. Mama yake Nahodha alitokea mlangoni, peke yake, anahema.

Hasira ni hasira, adabu ni adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuja kuomba msamaha."

"Sikutegemea."

Mama alizunguka upande wa pili wa turubai lililotundikwa, akakaa kwenye stuli, chini ya ule mkunjo wa juu uliokuwa umemwinamia kama paa. Alifungua mkoba, akaufunga.

"Mwanangu hali chakula. Lakini hilo si lililonileta. Nimekuja kukwambia habari za ndoa, kwa sababu mama yako yuko mbali. Baba yake Nahodha alikuwa mtu mzuri. Ila alikuwa hapendi mke aliyejitokeza. Mimi nilikuwa mwimbaji wa kwaya, tena wa mbele. Hakupenda, nikaacha. Nikataka kufungua duka la vitambaa, hakupenda, nikaacha. Nilikuwa nacheka kwa sauti. Nikapunguza. Miaka thelathini na sita, na nyumba haikuanguka. Ndiko kuinama ninakokusema. Sikukwambia kwa ubaya."

Mlingoti aliweka brashi chini. Alikuwa na majibu kumi makali, na yote yalimkwama. Lililotoka lilikuwa jingine kabisa.

"Ulikuwa unaimba nini, mama?"

"Eh?"

"Kwenye kwaya. Wimbo uliokuwa ukiupenda."

Mama alifungua kinywa kama anayetaka kuanza. Midomo ilicheza. Kidole kilipiga mkoba mara mbili, mara tatu, kikitafuta. Kisha kikaacha.

"Nimeusahau," alisema. Na alipolisema, alionekana kushtuka mwenyewe, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta tundu.

Ndipo ngazi zikalia tena, safari hii kwa hatua mbili mbili.

"Mlingoti, upo?" Ilikuwa sauti ya Nahodha, tayari inaongea kabla mwenyewe hajafika. Aliingia na ndevu za siku tatu, shati limejaa masizi ya chuma. Turubai lilikuwa kati yake na mama yake, hakumwona. Mlingoti angeweza kumpa ishara. Hakumpa.

"Nimemaliza. Yameisha. Mzee Cheche ameikata fremu leo asubuhi, anaunga miguu mipya. Sentimita kumi na tano zaidi. Boriti tunaipandisha, tanga utalikata wewe. Rangi chagua unayotaka. Haya, niambie nini kingine."

Moyo, mpumbavu yule, ulianza kulainika. Mlingoti aliusikia ukilainika akaukemea. "Mama yako umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ni kwa ajili ya upepo." Nahodha alitabasamu, akafurahi na akili yake. "Kivuli kikiwa juu hewa inapita vizuri, joto linapungua. Hata Mzee Cheche nimemwambia hivyohivyo, na ameamini. Hakuna atakayeuliza chochote. Kuna haja gani ya kila mtu kujua mambo yetu?"

Kile kilicholainika kikaganda hapohapo.

"Kwa hiyo sasa nimekuwa upepo," Mlingoti alisema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nimepewa sentimita zangu kwa mlango wa nyuma, kama mtu wa magendo. Unadhani nilitaka bomba? Bomba ningelikata mwenyewe kwa msumeno. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa halafu unangoja nikushukuru."

"Nimeikata fremu! Unataka nini zaidi?"

"Nataka useme ni ya nani."

"Upepo gani, mwanangu?"

Turubai lilinyanyuka pembeni, na mama akatokea chini yake, mkoba mkononi. Nahodha alibadilika rangi bila kuhitaji kitambaa cha buluu.

"Mama. Shikamoo. Sikujua kama upo."

"Ningekuwa sipo ungesema ya kweli? Nimekuuliza, upepo gani huo?"

Macho ya Nahodha yalitafuta dirisha kwa mazoea. Mlingoti aliliona hilo. Akatembea hatua nne, akasimama mbele ya dirisha, wima, mabega nyuma, na kwa kimo kile dirisha likaisha. Hapakuwa na pa kutazama tena isipokuwa yeye.

Nahodha alimwangalia. Alimwangalia kuanzia kwenye miguu mpaka kwenye uvimbe wa paji la uso, uliokuwa umeanza kugeuka zambarau, na pale kwenye uvimbe macho yake yakakwama.

"Hakuna upepo, mama," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akakohoa, akaanza upya. "Fremu nimeipandisha kwa ajili yake. Ni mrefu kuliko mimi. Nilikuwa naona aibu. Kusema kweli mpaka sasa naona, kidogo. Lakini siku hizi tatu nimekaa chini ya ile fremu peke yangu. Inanitosha sawasawa, mama, kama ulivyosema. Na sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale. Akija, nataka asimame. Asipokuja, basi, ila ijulikane ilipandishwa kwa ajili ya nani."

Mama alimtazama mwanawe kwa namna ambayo Mlingoti hakuielewa, kama anayemtazama mtu mwingine wa zamani aliyefanana naye. Kisha akaugusa ule mkunjo wa turubai lililotundikwa, akaubinya kati ya vidole viwili.

"Hii ndiyo ile ya mchanga?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekaa chini yake muda wote huu, macho hayajaniuma." Akaning'iniza mkoba kwenye mkono. "Achaneni na nyeupe."

Akashuka ngazi taratibu, akishikilia ukuta, na walimsikia chini akiwauliza watu wa duka la rangi kama wanajua kanisa gani jirani lina kwaya ya watu wazima.

Wawili walibaki. Nahodha alipiga hatua moja; Mlingoti alipoinua kiganja, akasimama.

"Umenisamehe?"

"Hapana."

"Bado una hasira?"

"Nyingi."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Hazina tarehe."

Nahodha alitikisa kichwa kukubali. Hakumbembeleza, na kwa hilo alijipatia alama moja bila kujua. "Basi njoo nazo," alisema. "Kama utakuja. Tutaishi nazo humo mpaka ziishe."

Mlingoti alimtazama kwa muda. Alimpenda, hilo ndilo lililokuwa likimkera zaidi. Angekuwa hampendi angekuwa ameshaendelea na kazi zake. Akachukua tepu mezani, akaivuta, akaiachia ijirudi yenyewe kwa kishindo.

"Mzee Cheche ameshaunga miguu?"

"Bado. Alikuwa anangoja gesi."

"Mwambie aongeze sentimita tano nyingine. Hizi hasira nazo ni ndefu, zitahitaji nafasi."

Nahodha alitoa simu. Alipiga palepale, mbele yake, akaiweka sauti ya nje na kuishika kati yao. Kule upande wa pili msumeno ulinyamaza.

"Mzee, ile fremu. Ongeza tano. Ziwe ishirini."

"Ishirini? Upepo gani huo, bwana, wa kimbunga?"

"Siyo upepo. Nilikudanganya. Ni kwa ajili ya Mlingoti, asimame bila kugonga kichwa."

Kicheko kikalipuka. Kilikuwa cha Mzee Cheche, na nyuma yake cha wengine wawili watatu waliokuwa wakisikiliza, na mtu mmoja kwa mbali akapiga kelele kuuliza habari za makreti. Mlingoti alikaza meno. Alimwangalia Nahodha usoni, hakupepesa, akingoja kuona kama pembe za midomo zitapanda.

Hazikupanda. Masikio yake yalikuwa yamewaka, jasho linamtoka, lakini simu ilibaki palepale ilipo.

"Cheka umalize, Mzee," alisema. "Nakungoja. Halafu chukua kalamu nikutajie namba ya mrefu wa chombo."